Kanisa la Jumanne Usiku

Msikilizaji wangu, leo nataka tuzungumze habari za Jumanne.

Jumapili tunaifahamu. Kengele inalia, kwaya imevaa sare, mzee wa kanisa amesimama mlangoni, na siku hizi katika sharika nyingi za mjini utamkuta pia kijana nyuma ya kamera. Ibada inarushwa mubashara. Mshiriki aliyehamia Mwanza, au aliyeko kazini Muscat, au anayesoma Minneapolis, anaiona madhabahu aliyobatiziwa na kuusikia wimbo wa kwao. Hilo ni jema, na vijana walioianza huduma hiyo kwa kamera za kuazima na bando la kuchangishana wanastahili shukrani.

Lakini mtu yule yule aliyeitikia amina Jumapili, Jumanne saa tatu usiku yuko kitandani na simu mkononi. Siku imemchosha. Mkopo wa kikoba unamdai, mtoto amerudishwa nyumbani kwa ajili ya michango ya shule, na maneno aliyojibizana na mwenzake asubuhi bado yanamuuma. Anafungua simu. Kamari ya mpira ipo, wachekeshaji wapo, na yupo nabii asiyemfahamu, anataja namba ya kutumia sadaka. Wote hao wamekuja usiku huo kumtafuta. Kanisa lake halikuja. Linamsubiri Jumapili.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu ya leo. Makanisa yetu yamezitumia simu na mitandao kuikuza Jumapili, wakati malezi ya mfuasi wa Kristo hufanyika hasa katika zile siku sita nyingine. Kwa maoni yangu usharika wenye fedha kidogo ya teknolojia uipeleke sehemu kubwa ya fedha hiyo kwenye siku sita, hata kama kamera ya Jumapili itabaki ile ile ya zamani.

Mwishoni mwa Injili ya Mathayo Yesu anawaagiza wafuasi wake wawafanye mataifa kuwa wanafunzi. Agizo hilo lina ubatizo ndani yake, na ubatizo tumeushika vizuri. Vitabu vya ubatizo vya makanisa yetu vimejaa majina. Kisha linataka waliobatizwa wafundishwe kuyashika yote aliyoyaamuru. Msikilizaji, kufundisha mtu ayajue mambo kunawezekana kwa kipaza sauti. Kufundisha mtu ayashike kunahitaji mwingine aliye karibu, anayejua kama umemsamehe ndugu yako au bado, kama mshahara wa msaidizi wako wa nyumbani umeulipa, kama ulevi umeuacha kweli. Mahubiri yanayotazamwa na watu elfu mbili hayawezi kukuuliza hayo. Mtu mmoja mwenye namba yako ya simu anaweza.

Tusidhani kwamba habari hii imeanza na simu janja. Kanisa la Afrika Mashariki lina historia ndefu ya kufundisha kwa mbali, na historia hiyo ina la kutufunza. Mwaka 1963 Shirikisho la Kilutheri Duniani lilifungua kituo kikubwa cha redio Addis Ababa, kikiitwa Sauti ya Injili, chenye mitambo ya masafa mafupi iliyofika sehemu kubwa ya Afrika na hata Asia. Waliokipanga hawakutaka vipindi vyote vitungwe Ethiopia. Waliweka studio katika nchi za wasikilizaji wenyewe, na vipindi vya Kiswahili vikatayarishwa Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro, vikasafirishwa kwa kanda hadi Addis Ababa, vikarudi hewani kwetu. Sehemu kubwa ya matangazo ilikuwa habari, elimu na maendeleo, na sehemu ndogo tu ndiyo iliyokuwa mahubiri ya moja kwa moja, kwa sababu waliamini kwamba mkulima anayefundishwa usafi wa maji naye anahudumiwa na Injili. Machi 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia ikakitaifisha kituo kile, na sauti ikakatika. Studio ya Moshi haikufa. Kazi yake iliendelea, na leo jina la Sauti ya Injili bado lipo hewani kwenye masafa ya FM.

Naitaja habari hiyo kwa sababu mbili. Kwanza, chombo kilichotegemea mtambo mmoja mkubwa kilinyang'anywa kwa siku moja, na kilichobaki ni kile kilichokuwa na mizizi kwa watu wenyewe. Pili, tazama walivyofanya kazi: sauti ya mtu wa hapa, kwa lugha ya hapa, kwa matatizo ya hapa. Usharika unaochukua video za mhubiri maarufu wa ng'ambo na kuzisambaza kwa washiriki kila asubuhi umerudi nyuma ya walipokuwa wazee wetu wa Moshi zaidi ya nusu karne iliyopita.

Kisha zilikuwapo kozi za Biblia kwa njia ya posta. Wengi wanaonisikiliza walizisoma, zile za Sauti ya Unabii za Waadventista na nyingine za makanisa mengine. Kijitabu kinakuja kwa bahasha, unasoma somo, unajibu maswali nyuma, unarudisha. Baada ya wiki kadhaa majibu yako yanarudi yakiwa yamesahihishwa kwa kalamu, na pengine mwishoni pana mstari mmoja wa kukutia moyo au kujibu swali uliloliandika pembeni. Kwa mtoto wa kijijini, kupata barua yenye jina lake kutoka mjini ilikuwa furaha kubwa. Lakini nguvu ya kozi zile ilikuwa katika kujibiwa. Mtu fulani mahali fulani alisoma ulichoandika, akaona ulipoelewa na ulipopotoka.

Sasa linganisha na ukurasa wa kanisa ulio na picha nzuri, nukuu ya Maandiko na alama mia tatu za kupendezwa. Nani amesahihishwa hapo? Nani ameuliza swali akajibiwa? Tumepata chombo chenye kasi mara elfu kuliko posta, tukakitumia kwa upande mmoja tu, upande wa kutuma.

Mtume Paulo naye alifundisha kwa mbali, na barua ndizo zilizokuwa chombo cha wakati wake. Lakini hakuna barua iliyotembea peke yake. Ile ya Wakolosai ilipelekwa na Tikiko akiwa pamoja na Onesimo, na Paulo anasema wazi kwamba hao watawaeleza habari zake zote. Kisha anaagiza barua hiyo isomwe na kwa Walaodikia. Wafilipi walimpokea Epafrodito. Fibi wa Kenkrea ametambulishwa kwa Warumi kwa maneno ya heshima, na wengi huamini ndiye aliyeibeba barua ile. Naye Yohana, katika waraka wake wa pili, ana mengi ya kusema lakini anaacha karatasi na wino, anatumaini kufika waonane uso kwa uso. Hawakudharau kuandika, maana bila barua zile tungekuwa wapi? Ila walijua barua inaishia wapi na mtu anaanzia wapi.

Na yule Mwethiopia wa Matendo ya Mitume sura ya 8, ofisa wa malkia, alikuwa na Maandiko mkononi garini mwake. Isaya alikuwa wazi mbele ya macho yake. Hakukosa maandishi. Filipo alipomkimbilia na kumwuliza kama anaelewa, alimwomba apande aketi naye. Leo kila mwenye simu ana Biblia. Programu ya YouVersion iliingia kwenye simu mwaka 2008, na Biblia ya Kiswahili imo humo bila malipo, pamoja na mipango ya kusoma kila siku. Magari yenye Isaya wazi ni mengi barabarani. Akina Filipo wa kupanda ndio wachache.

Nimefikia sehemu ninayoipenda zaidi, na naomba univumilie nikae hapo kidogo.

Mwaka 1902 alifika Kilimanjaro mmisionari wa shirika la Leipzig la Ujerumani, Bruno Gutmann, ambaye baadaye aliishi miaka mingi Moshi ya Kale, mpaka mwaka 1938. Mawazo yake mengine kuhusu kabila na ukoo yamekosolewa, na ni haki yakosolewe. Lakini jambo moja aliliona kwa Wachaga ambalo wamisionari wengi walilipita: kwamba mtu hulelewa na ukoo wake, jirani zake na rika lake, na kwamba kanisa linalomng'oa mtu katika hayo matatu linamwacha mkavu. Akawapanga vijana wa kipaimara kwa namna ya rika la zamani, wakafungwa wawili wawili kama ndugu wa ngao, kila mmoja akimlinda mwenzake, na wawili wawili hao wakaunganishwa katika kundi dogo. Kijana hakuingia kanisani kama mtu mmoja aliyekariri Katekisimo. Aliingia akiwa na mwenzake.

Sasa fikiria kipaimara cha leo. Watoto wanafundishwa mwaka mmoja au miwili, wanakariri, siku ya sherehe wanavaa nyeupe, picha zinapigwa, pilau linaliwa. Kisha wanatawanyika. Mmoja anakwenda shule ya bweni ambako simu hairuhusiwi. Mwingine anakwenda kwa shangazi Dar es Salaam kutafuta kazi. Wachungaji wote wanaonisikiliza wanajua: wengi wa watoto hao watarudi kanisani siku ya ndoa, au siku ya msiba. Usharika hauna hata orodha ya namba zao.

Chukua binti aliyepata kipaimara Machame, sasa ana miaka 19 na anauza katika duka la vitambaa Kariakoo. Mchungaji wake wa nyumbani hawezi kumtembelea. Usharika wa jirani na chumba chake haumjui. Lakini kama wakati wa kipaimara aliunganishwa na mwenzake mmoja, na wawili hao wakawekwa na wenzao wanne na mama mmoja wa usharika mwenye busara, kundi la watu saba, basi simu inaweza kuubeba uhusiano huo mahali ambapo miguu haifiki. Kila Jumanne mama yule anatuma ujumbe wa sauti wa dakika tatu. Kifungu kifupi cha Maandiko, wanakisoma wote. Neno lake moja juu ya kifungu hicho, kwa sauti yake mwenyewe, hata kama jogoo anasikika nyuma. Kisha swali moja, na swali lihusu maisha: juma hili ni nani uliyeshindwa kumwambia ukweli? Kabla ya Alhamisi kila mmoja anajibu, kwa sauti au kwa maandishi. Asiyejibu, ndugu yake wa ngao anampigia. Na binti akishazoea, mama yule anampigia mchungaji wa karibu na Kariakoo, anamwambia, nina mtoto wangu hapo, nakuomba umpokee.

Angalia, hakuna kamera hapo. Hakuna mtaalamu wa kuhariri picha. Ujumbe wa sauti umekuwapo WhatsApp tangu 2013 na bibi zetu wanautumia kila siku kusalimia wajukuu. Gharama yake ni bando dogo. Kinachohitajika ni mama mwenye busara, na kuwapata akina mama hao na kuwaandaa ndiyo kazi ngumu ambayo fedha ya teknolojia ingepaswa kuifuata.

Nasema saba kwa makusudi. Kundi moja la WhatsApp siku hizi linabeba watu hadi 1,024, na sharika nyingi zimefurahi kuwaweka washiriki wote humo. Matokeo tunayajua. Asubuhi tangazo la msiba, kisha rambirambi mia mbili zenye mikono iliyokunjwa. Mchana orodha ya michango ya harusi. Jioni mtu anasambaza onyo la chanjo lisilo na mwenyewe, mwingine anajibu kwa ukali, mzee anaombwa atulize, watu kumi wanaondoka. Kundi kama hilo ni ubao wa matangazo, na kama ubao wa matangazo lina kazi yake. Liwekwe chini ya wasimamizi wachache wenye ruhusa ya kutuma, liachwe hivyo. Hakuna mtu atakayeungama woga wake mbele ya watu elfu moja.

Wakatoliki walilielewa jambo la udogo mapema. Mwaka 1976 maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walikubaliana kuzifanya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa msingi wa kichungaji katika kanda yetu: kaya chache za majirani, wanasoma Neno, wanajua nani mgonjwa na nani hana chakula. Walutheri nasi tuna ibada za nyumba kwa nyumba. Huko Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, uamsho ulianza kwa watu kukaa pamoja na kuweka maisha yao wazi, ukavuka hadi Uganda na Bukoba kwa miguu ya mashahidi, bila mtambo wowote. Josiah Kibira, aliyekuwa askofu wa Bukoba na mwaka 1977 akachaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuliongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani, alilelewa na uamsho huo. Kwa hiyo chombo cha malezi tunacho tayari. Simu inapaswa kukisaidia kikutane vizuri zaidi, isikipe sababu ya kuacha kukutana.

Kuna kundi jingine ambalo naona linasahaulika kabisa katika mazungumzo haya, nalo ni wainjilisti na makatekista. Msikilizaji wa mjini huenda hajui jinsi kanisa la kijijini linavyokwenda. Mchungaji mmoja ana usharika wenye mitaa kadhaa. Padri mmoja ana parokia yenye vigango vilivyotawanyika milimani na mabondeni. Katika mtaa au kigango, Jumapili nyingi anayesimama mbele ni mwinjilisti au katekista. Ndiye anayehubiri au kuongoza ibada ya Neno, anafundisha watoto, anazika, anapatanisha ndugu wanaogombania mpaka wa shamba. Elimu yake ya kanisa ni kozi aliyosoma zamani, na posho yake wengine mnaijua. Huyu ndiye mlezi wa wafuasi wa Kristo katika sehemu kubwa ya nchi yetu, na katika mipango ya kidijitali ya makanisa hatajwi, kwa sababu haonekani kwenye kamera.

Hebu mchungaji afanye hivi. Jumatatu usiku anasoma somo la Jumapili ijayo, kwa kuwa masomo yamekwisha kupangwa kwenye kalenda ya kanisa, anarekodi dakika kumi za maelezo: kitabu hiki kiliandikiwa nani, neno hili gumu lina maana gani, mahali gani wahubiri hupotoka. Anawatumia wainjilisti wake wote. Alhamisi jioni wanapigiana simu ya pamoja nusu saa, kila mmoja anaeleza atakachohubiri na anauliza. Baada ya mwaka mmoja, mwinjilisti wa mtaa ulio mbali kuliko yote atakuwa amesoma pamoja na mchungaji wake zaidi ya mara arobaini. Semina ya siku tatu kwa mwaka haiwezi kufikia hapo, na nauli yake peke yake ni kubwa kuliko bando la mwaka mzima.

Mwaka 2020 janga la UVIKO-19 lilitufundisha kitu, na majirani zetu wa Kenya walifundishwa zaidi kuliko sisi. Hapa Tanzania nyumba za ibada hazikufungwa. Kenya zilifungwa Machi, na zilipofunguliwa Julai ilikuwa kwa masharti: watu wasiozidi 100, ibada isizidi saa moja, na walioruhusiwa kuingia ni wenye umri wa miaka 13 hadi 58. Sikiliza vizuri masharti hayo. Shule ya Jumapili ilisimama. Wazee, wale wenye kumbukumbu ya imani, walibaki nyumbani. Mtoto wa kufundishwa na bibi wa kufundisha wote walikuwa nje ya jengo, lakini katika nyumba nyingi walikuwa chini ya paa moja. Kanisa lililotuma mahubiri ya mubashara lilimpa bibi na mjukuu kitu cha kutazama. Kanisa lililotuma hadithi fupi ya Biblia, maswali mawili na wimbo, likamwambia bibi leo wewe ndiye mwalimu, liliacha mwalimu nyumbani hata milango ilipofunguliwa. Funzo hilo halikuhitaji janga ili liwe kweli, na bado linatufaa sisi ambao hatukufunga.

Lazima niseme pia habari ya kutisha, kwa maana haifai kuwasifia watu chombo bila kuwaonyesha makali yake. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, Kenya, ilifukuliwa miili ya watu zaidi ya 400, wakiwamo watoto wengi. Walikuwa waumini wanaodaiwa kuambiwa wafunge kula hadi kufa ili wamwone Yesu. Kiongozi wao alifikishwa mahakamani, na hukumu ni ya mahakama. Lakini mahubiri yake yalikuwa yamesambaa kwa televisheni na YouTube kwa miaka kadhaa, na wako walioacha kazi na nyumba zao mbali wakamfuata msituni. Sisemi kwamba mtandao ndio uliowaua. Nasema kwamba sauti inayomfikia mtu usiku, peke yake, bila jumuiya ya kumwuliza hebu tulisome hilo pamoja, ni sauti yenye nguvu ya hatari. Anayekuhubiria kwenye simu yuko chini ya nani? Nani anakagua fedha anayopokea? Akikosea, nani ana mamlaka ya kumwita? Kila Mkristo anapaswa kuyauliza haya kabla hajatuma sadaka yake hata shilingi elfu moja, na kila mchungaji anapaswa kuwafundisha washiriki wake kuyauliza, hata juu yake yeye mwenyewe.

Makali mengine ni madogo lakini yanakata kila siku. Mama ameomba maombi kwa ajili ya binti yake mwenye ujauzito, akamwambia kiongozi wa maombi kwa siri. Saa moja baadaye jina la binti liko kwenye kundi la watu mia tatu, na kabla ya jua kuchwa mtu amepiga picha ya skrini akaipeleka kwingine. Binti huyo harudi kanisani. Picha za watoto wa shule ya Jumapili zinawekwa hadharani na majina yao. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ilipitisha ya kwake mwaka 2019, na kanisa haliko juu ya sheria hizo. Ila kabla ya sheria, hili ni jambo la uchungaji. Toba na siri hazifai kwenye kundi. Kwenye kundi andika tu, nina neno, naomba tuonane, halafu muonane.

Je, wasio na simu janja? Swali hili huulizwa mwishoni katika vikao, nami ningependa liulizwe mwanzoni. Katika nyumba nyingi simu janja ni moja na ni ya baba, au ya kijana. Mama ana kitochi. Lakini kitochi si kitu cha kudharau. Kina redio, na vingi vina nafasi ya kadi ya kumbukumbu, na kadi moja ndogo hubeba Agano Jipya zima likisomwa kwa sauti, likabaki na nafasi ya nyimbo. Yako mashirika yaliyojitolea kurekodi Maandiko kwa sauti, na Kiswahili kimo. SIL, shirika la lugha na tafsiri ya Biblia, wametengeneza programu ya bure ambayo kwayo wanaotafsiri Biblia kwa lugha za kwao hutengeneza programu ya simu yenye maandishi na sauti, ambayo mtu humpa jirani kutoka simu hadi simu bila hata intaneti. Kule Mbeya, ambako kazi ya kutafsiri imekwenda kwa lugha nyingi kwa pamoja, Kinyiha, Kisafwa, Kimalila na nyingine, maana ya jambo hilo ni kubwa: bibi asiyejua kusoma anasikia Injili kwa lugha aliyolelewa nayo, akiwa anapepeta maharage, na akiwaita jirani zake wasikilize ameanzisha jumuiya. Spika ndogo ya kuchaji kwa sola inatosha.

Nimesikia wazee wakisema kwamba haya yote ni mambo ya vijana. Si kweli. Vijana wajue kutumia chombo, ndiyo. Lakini wa kusema kwenye chombo hicho ni mtu aliyelelewa katika imani, mwenye mikunjo usoni, aliyezika mtoto na bado akaomba. Mpangeni kijana na mzee wafanye kazi hii pamoja. Kijana ashike simu, mzee aseme. Kijana mwenyewe atajifunza kuliko wote watakaosikia, maana atalazimika kusikiliza mara tatu.

Na fedha? Mkono mtupu haulambwi. Miezi hii halmashauri nyingi za sharika zinaandaa bajeti ya mwaka ujao. Kutakuwa na ombi la kamera mpya, pengine na taa zake, na ombi hilo litaletwa na watu wenye nia njema. Kabla hamjalipitisha, wazee wangu, pigeni hesabu ya kiasi hicho hicho kikiwa bando la mwaka mzima kwa kila mwinjilisti wenu, kadi za kumbukumbu kwa akina mama wa kitochi, na spika moja ya sola kwa kila mtaa. Kisha lipeni nauli za wale mama wenye busara waje wakae siku mbili na mchungaji, wafundishwe kuuliza swali zuri, kutunza siri, na kumpeleka mtu kwa mchungaji au kwa daktari pale jambo linapowazidi. Fungu hilo liandikwe kwenye bajeti kwa jina lake, malezi ya washiriki kwa simu, liwe na mtu wa kulitolea taarifa kila robo mwaka, na lisifichwe ndani ya mengineyo ambako hukatwa la kwanza mavuno yakipungua.